TEKNOLOJIA: Ripoti ya ngazi, kutoka jumla ya mwezi hadi stakabadhi ya mkulima

Na MWANDISHI WETU

KATIKA mikutano ya vyama vya ushirika vya maziwa, kuanzia Njoro hadi Subukia, hakuna takwimu inayozua maneno kama tofauti kati ya kilo zilizopokewa vituoni na kilo zilizolipiwa na kiwanda. Mkulima aliyeamka saa kumi za alfajiri, akakama, akabeba maziwa hadi kituoni na kupewa stakabadhi, huambiwa mwisho wa mwezi kwamba bei imeshuka kwa sababu "kulikuwa na upungufu". Akiuliza upungufu huo ulitokea wapi, huonyeshwa karatasi ileile yenye jumla ileile. Jumla hiyo haina mlango wa kuingilia ndani.

Makala haya yanaeleza namna ya kuipa jumla mlango. Wataalamu wa hifadhidata wamekuwa wakiunda kwa miongo kadhaa ripoti ambazo msomaji akibonyeza takwimu moja kwenye skrini, inafunguka na kumwonyesha takwimu ndogo zilizoizaa. Akibonyeza mojawapo ya hizo, nayo inafunguka, hadi afikie tukio moja lililoandikwa na karani mmoja siku moja. Hapa tutaiita ripoti ya ngazi, kwa kuwa msomaji hushuka kidato kwa kidato na anaweza kupanda tena alikotoka.

Tutatumia chama cha mfano, ambacho hakipo popote, ili hesabu zieleweke. Chama hiki kina njia tatu za kukusanyia maziwa: Njoro, Rongai na Bahati. Mwezi wa Juni vituo vyake vilipokea kilo 212,400. Kiwanda kililipia kilo 205,200. Upungufu ni kilo 7,200 na kwa bei ya mfano ya Sh50 kwa kilo, hiyo ni hasara ya Sh360,000 ambayo wanachama wote wataibeba.

Kwenye karatasi, habari inaishia hapo. Kwenye ripoti ya ngazi, mweka hazina anabonyeza ile 7,200. Inafunguka na kuonyesha njia tatu: Njoro kilo 900, Bahati kilo 900, Rongai kilo 5,400. Hapo tayari kamati imeanza kumtazama kwa jicho kali dereva wa pikapu ya Rongai, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akishukiwa kuchota maziwa njiani. Lakini mweka hazina anabonyeza tena. Njia ya Rongai ina vituo vitano. Vinne kati ya hivyo vimepungukiwa kilo 600 kwa jumla, na kimoja peke yake kilo 4,800. Anabonyeza kituo hicho: zamu ya asubuhi kilo 300, zamu ya jioni kilo 4,500, yaani kilo 150 kila jioni kwa siku 30.

Anashuka kidato cha mwisho, kwa wakulima wenyewe. Kituo hicho hupokea wakulima 60 kila jioni. Ripoti inaweka kilo za Juni kando ya zile za Mei, na inaonekana kwamba kila mmoja wao ameongeza takriban kilo 2.5 kwa jioni moja, awe ana ng'ombe mmoja au sita. Ng'ombe hawaongezi maziwa kwa mpango wa namna hiyo. Kilichoongezeka ni ndoo ya chuma ya kupimia, iliyonunuliwa mwanzoni mwa Juni badala ya ile nyepesi ya plastiki, na karani wa jioni hakuwa akirudisha mizani kwenye sufuri kabla ya kumimina. Kilo 2.5 mara wakulima 60 ni kilo 150. Dereva hakuchota chochote.

Msomaji makini atakuwa ametambua kwamba tarakilishi haikufanya kazi kubwa hapo. Iliyofanya kazi ni desturi ya chama hicho ya kupima kiwandani mitungi ya kila kituo na kila zamu peke yake. Kama maziwa yote ya njia ya Rongai yangalimiminwa katika tangi moja na kupimwa kwa pamoja, ripoti ingaligota kwenye kidato cha pili na dereva angalipoteza kazi. Kina cha ripoti ya ngazi huamuliwa kwenye mizani na kwenye kitabu cha stakabadhi, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuwasha tarakilishi. Wanaouza programu za ripoti huisahau sehemu hii, au hawaitaji.

Sisi tunaohariri kurasa za gazeti usiku tunaijua jumla isiyofunguka. Taarifa huletwa ikisema watu kadhaa wamenufaika katika kaunti kadhaa. Ukijumlisha kaunti moja moja hupati idadi iliyotajwa, na kufikia saa nne za usiku aliyeitoa hapokei simu. Mhariri hubaki na mambo mawili: aichapishe jinsi ilivyo au aitupe.

Jumla za kura

Hapa nchini hakuna mahali ambapo haja ya ripoti ya ngazi imedhihirika kama katika kujumlisha kura, na hakuna eneo lililolipia gharama ya kukosekana kwake kuliko Bonde la Ufa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilihitimisha mwaka 2008 kwamba kumbukumbu za matokeo zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kubaini ni nani aliyeshinda kura za urais. Jumla ilikuwepo na ilitangazwa. Ngazi za kuishukia hazikuwepo. Tume ya Jaji Philip Waki ilirekodi vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata, na Nakuru na Naivasha ni miongoni mwa miji iliyoathirika vibaya mwezi wa Januari 2008.

Mnamo 2017 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilikuwa na skrini ya kupendeza. Takwimu zilipanda dakika kwa dakika usiku wa Agosti 8. Hata hivyo, matokeo yalipotangazwa Agosti 11, si Fomu zote 34A, ambazo ni karatasi za matokeo ya kila kituo cha kupigia kura, zilizokuwa zimefika na kuwekwa wazi. Kulikuwa na vituo 40,883. Mwananchi aliona jumla lakini katika baadhi ya maeneo akishuka hadi chini alikuta chumba kitupu. Septemba 1 mwaka huo Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na miongoni mwa yaliyoisumbua ni jinsi matokeo yalivyopitishwa na jinsi IEBC ilivyokosa kutii kikamilifu agizo la kufungua seva zake zikaguliwe.

Mwaka 2022 mambo yaligeuka kichwa chini. IEBC iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A kutoka vituo 46,229, na mtu yeyote mwenye rununu angeweza kuchagua kaunti, kisha eneobunge, kisha wadi, hadi akaisoma fomu ya kituo alichopigia kura. Kidato cha chini kabisa kilikuwepo na kilikuwa imara. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa Septemba 5, 2022, haikuona tofauti za maana kati ya fomu za tovutini na zile za karatasi. Lakini fomu hizo zilikuwa picha, na tovuti haikuzijumlisha. Kila chombo cha habari kiliajiri watu wa kuziingiza moja moja, kila kimoja kikaanza kona yake ya nchi, na kwa siku kadhaa runinga tofauti zikaonyesha wagombea tofauti wakiongoza.

Kwa ufupi, 2017 tulipewa paa pasipo msingi, na 2022 tukapewa msingi pasipo ngazi. Ripoti kamili huhitaji vyote viwili, na ni rahisi zaidi kujenga ngazi juu ya msingi uliopo kuliko kutafuta msingi baada ya paa kuezekwa.

Kujenga kuanzia chini

Anayeunda ripoti ya ngazi huanza kwa swali moja: safu moja ya jedwali inasimama badala ya tukio gani? Mmarekani Ralph Kimball, ambaye kitabu chake cha maghala ya data kilichapishwa mwaka 1996, huita kiwango hicho punje. Katika chama chetu cha mfano, punje ni upimaji mmoja: mkulima mmoja, kituo kimoja, tarehe moja, zamu moja. Safu hubeba nambari ya stakabadhi, nambari ya mwanachama, kituo, tarehe, zamu, kilo, na karani aliyepima. Ukiandika badala yake jumla ya kila mkulima kwa mwezi, umeitupa zamu ya jioni, na hakuna programu duniani itakayokurudishia.

Kuna mahali ambapo punje kubwa hutosha. Mfumo wa kukusanya takwimu za afya uitwao DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambao Kenya ilianza kuutumia kitaifa mwaka 2011, hupokea jumla za kila mwezi za kila zahanati. Afisa wa afya wa kaunti hushuka kutoka Kaunti ya Nakuru hadi kaunti ndogo, hadi zahanati, na hapo ndipo sakafu. Haimhitaji aone jina la mgonjwa ili ajue wapi chanjo zimepungua. Sakafu imewekwa hapo kwa makusudi, na kila anayeisoma ripoti anajua iko wapi.

Kando ya jedwali la upimaji huwekwa majedwali madogo ya maelezo: la wanachama, la vituo na njia zake, la makarani, na la kalenda. Jedwali kubwa likikaa katikati na madogo yakilizunguka, mchoro wake hufanana na nyota, na hivyo ndivyo mafundi wanavyouita. Vidato vya ngazi hutoka katika majedwali haya madogo. Jedwali la vituo linasema kituo fulani kiko njia ya Rongai. Jedwali la kalenda linasema Juni 14 iko katika mwezi wa sita na robo ya pili ya mwaka.

Wazo la kuhifadhi habari katika majedwali yanayounganishwa kwa nambari za utambulisho lilitolewa na Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali, SQL, ilibuniwa na wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce miaka michache baadaye, na ingali inatumika kila mahali. Msomaji asiiogope. Swali la kidato cha kwanza likitafsiriwa ni hivi: jumlisha kilo za Juni, uzigawe kwa njia. La kidato cha pili: jumlisha kilo za Juni, uzigawe kwa kituo, lakini chukua safu za njia ya Rongai pekee. La tatu: zigawe kwa zamu, lakini chukua njia ya Rongai na kituo kile kimoja. Kila mara msomaji anapobonyeza, swali huongezewa sharti moja na mgawanyo hubadilishwa. Ufundi wote wa kubonyeza uko hapo.

Kwa hivyo takwimu kwenye ukurasa si wino tu bali ni kiungo, nacho hubeba masharti yote yaliyokwisha kuwekwa. Makosa ya mafundi wengi hutokea hapa. Mtu anaposhuka vidato vitatu, ripoti husahau sharti la mwezi na kumwonyesha kituo kile kwa mwaka mzima. Dawa ni mbili. Kwanza, masharti yaandikwe juu ya ukurasa kwa maneno: "Juni, Njia ya Rongai, zamu ya jioni", na kila neno liwe mlango wa kurudi juu. Pili, ukurasa wa chini uanze kwa kurudia takwimu iliyobonyezwa. Ukibonyeza 4,800, kitu cha kwanza unachopaswa kuona ni 4,800. Ukiona 4,790, simama hapo, usiendelee kushuka.

Jumla zinapokataa kujumlika

Sababu za zile kilo 10 kupotea huwa ni chache na hujirudia katika afisi zote.

Iliyo ya kawaida zaidi ni nambari isiyo na mwenyewe. Karani anaandika mwanachama 417 badala ya 471. Hakuna mwanachama 417. Swali linalounganisha jedwali la upimaji na lile la wanachama huchukua safu zenye wenza pande zote mbili, na kwa hivyo safu hiyo hudondoka kimyakimya kwenye kidato cha wakulima ilhali kilo zake zingalimo katika jumla ya kituo. Ripoti inapaswa kuwa na mstari ulioandikwa "Mwanachama hajulikani" na kilo zake zionekane. Wasimamizi wengi hawaupendi mstari huo kwa kuwa unawaaibisha, na huomba uondolewe. Usiondolewe. Nyuma ya kila kilo iliyo katika mstari huo kuna mtu aliyekama.

Ya pili ni hatari zaidi kwa kuwa huongeza badala ya kupunguza. Mwanachama amepeleka maziwa mara 60 mwezini, asubuhi na jioni. Katika mwezi huohuo alikatwa mara nne kwa ajili ya chakula cha mifugo na huduma za daktari wa mifugo, jumla Sh2,000. Fundi mwenye haraka anaunganisha jedwali la upimaji na lile la makato kwa nambari ya mwanachama katika swali moja. Kila upimaji unaungana na kila kato, na safu 60 zinakuwa 240. Maziwa ya mwanachama yanaonekana mara nne ya kiasi chake, nalo deni lake la Sh2,000 linakuwa Sh120,000. Kila jedwali lijumlishwe peke yake kwanza, kisha jumla mbili ziwekwe kando kwa kando.

Wastani nao una hila yake. Kituo kimoja kina wakulima 40 na wastani wa kilo 10 kwa kila mmoja. Kingine kina wakulima 160 na wastani wa kilo 5. Ukichukua wastani wa hizo wastani mbili unapata 7.5. Lakini kilo zote ni 1,200 na wakulima wote ni 200, kwa hivyo wastani wa kweli ni 6. Katika hifadhidata huwekwa kilo na idadi, na wastani hukokotolewa upya katika kila kidato.

Halafu kuna tarehe. Maziwa ya jioni ya Juni 30 hufika kiwandani asubuhi ya Julai 1. Chama kinayahesabu Juni, kiwanda kinayahesabu Julai, na kila mwisho wa mwezi upungufu wa uongo huzaliwa. Safu iwe na tarehe mbili, ya kupimwa kituoni na ya kupokewa kiwandani, na ripoti iseme wazi inatumia ipi. Wiki pia hazitoshei ndani ya miezi. Anayetaka vidato vya mwaka, mwezi, wiki na siku katika ngazi moja atapata wiki zilizokatwa vipande viwili. Ni afadhali wiki ziwe na ngazi yao.

Tatizo lililo gumu kuliko yote linahusu mahali, na wakazi wa Nakuru wanalielewa pasipo kufundishwa. Kabla ya uchaguzi wa 2013, eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Nakuru lilikuwa na maeneobunge sita: Nakuru Mjini, Naivasha, Molo, Kuresoi, Rongai na Subukia. Sasa ni 11. Nakuru Mjini iligawanywa kuwa Mashariki na Magharibi, Kuresoi ikawa Kaskazini na Kusini, Gilgil ikachomozwa kutoka Naivasha, Njoro kutoka Molo, na Bahati kutoka Subukia. Mtu akilinganisha "Molo" ya 2007 na "Molo" ya 2013 atadhani watu wamehama, ilhali ni mpaka uliohama. Jina ni moja lakini mahali ni pawili.

Mambo ya aina hiyo hutokea katika chama chochote. Kituo huhamishwa kutoka njia ya Njoro hadi ya Rongai mwezi Machi kwa sababu barabara imeharibika. Ukibadilisha tu neno moja katika jedwali la vituo, maziwa yote ya miaka iliyopita yatahamia Rongai pia, na ripoti ya mwaka jana ambayo mkutano mkuu uliipitisha haitatoa tena takwimu zilezile. Njia salama ni kuongeza safu mpya yenye tarehe ya kuanza, na kuiacha ya zamani na tarehe yake ya mwisho, ili kila upimaji ubaki chini ya njia iliyokuwepo siku ulipofanyika.

Kasi, na nani aone nini

Saa moja asubuhi makarani wote wanaingiza upimaji. Mwenyekiti akifungua ripoti ya miaka mitano wakati huo kwenye hifadhidata hiyohiyo, foleni itasimama kituoni na maziwa yatachacha kwenye mitungi. Ndiyo maana ripoti kwa kawaida husoma nakala iliyochukuliwa usiku. Jumla za miezi iliyokwisha kufungwa hukokotolewa mara moja na kuhifadhiwa, kwa kuwa hazitabadilika, na majedwali hupewa faharasa kama ya kitabu ili kituo kimoja kipatikane bila kupekua safu zote. Ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde chache kufunguka, watu huacha kushuka na kurejea kwenye karatasi yao.

Suala la faragha halina budi kuamuliwa kabla ya kidato cha mwisho kujengwa. Huko chini kuna jina la mtu, mapato yake na madeni yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azikusanye kwa kusudi lililo wazi na azilinde dhidi ya wasiohusika. Katika chama cha maziwa, inatosha mkulima aone safu zake mwenyewe na jumla za kituo chake; karani aone kituo chake; mweka hazina na mkaguzi waone zote. Madeni ya jirani si habari ya mkutano.

Ulinzi huo hauwezi kufanywa kwa kuficha kiungo tu. Anwani ya ukurasa ikiishia na nambari ya mwanachama 471, kijana yeyote mwenye rununu atajaribu 472, na akifunguliwa atajaribu zote. Seva yenyewe iulize kila mara: huyu aliyeingia ana haki ya kuiona safu hii? Vilevile, maneno yanayotoka kwenye anwani yasibandikwe moja kwa moja ndani ya swali la SQL, kwa maana mwenye nia mbaya anaweza kuandika hapo amri ya kusoma au kufuta jedwali zima. Hifadhidata zote zinazotumika leo zina njia ya kupokea nambari hiyo kama thamani tu, isiyoweza kugeuka amri.

Gharama ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Jedwali egeuzi, ambalo hukusanya na kufungua takwimu kwa kubonyeza mara mbili, limekuwa ndani ya Excel tangu toleo la mwaka 1993, na chama chenye wanachama mia chache kinaweza kuanza nalo. Kikikua, hifadhidata za PostgreSQL na MySQL hupatikana bila malipo, na programu kama Metabase huunda kurasa za kushuka juu yake bila fundi kuandika mengi. Power BI ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 2015, ndiyo inayoonekana sana katika kampuni kubwa. Uchaguzi wa programu haupaswi kumnyima mtu usingizi. Kinachopaswa kumnyima usingizi ni iwapo stakabadhi za Juni zimeingizwa zote, na iwapo vitabu vyake vya karatasi vingali kabatini, maana mkulima akibisha takwimu ya kidato cha mwisho, kuna kidato kimoja zaidi chini yake: karatasi yenye mwandiko wa karani.

Katika chama chetu cha mfano, ugunduzi wa ile ndoo ya chuma ulifanywa baada ya malipo ya Juni kutolewa. Wakulima 60 wa kituo kile walikuwa wamelipwa kilo 4,500 ambazo hazikuwepo, yaani Sh225,000, au Sh3,750 kila mmoja, nao hawakutenda kosa lolote. Wanachama wengine wote walikuwa wamelipwa pungufu kwa ajili hiyo. Ripoti iliweza kuionyesha kamati kila jina na kila jioni. Iwapo fedha hizo zikatwe Julai kwa mkupuo, zikatwe kidogo kidogo hadi Desemba, au chama kizima kikubali kuzisamehe, hilo liliachiwa mkutano mkuu.